Mhunzi wa Parokia: Somo kutoka Ireland

Mwanafunzi akiulizwa kazi ya mhunzi, hujibu: "Hufua chuma." Jibu ni sahihi, lakini ni kavu. Huko Ireland, kati ya 1937 na 1939, watoto wa shule za msingi wapatao 50,000 walitumwa kuwahoji wazee wa parokia zao. Waliandika mahali vilipo viwanda vya wahunzi, sura ya mivukuto na fuawe, hata imani kwamba maji ya kupozea chuma huponya chunjua. Habari hiyo ya mwisho twaithamini kuliko zote, maana mwalimu mwenyewe huenda hakuijua. Baadaye trekta lilimwondoa farasi shambani, na wahunzi wengi wakafunga kazi, madaftari yakabaki. Basi kabla ya kushika chaki, tuwatume wanafunzi kwa mzee, na maswali matatu tu.