Anwani ya IP Si Anwani ya Nyumba

Mkazi wa Maua au Runyenjes akifungua tovuti, mara nyingi huonyeshwa matangazo ya maduka ya Nairobi na hali ya hewa ya Nairobi. Tovuti imekisia mahali alipo kwa kutumia nambari, na kisio limeangukia mbali. Kwa matangazo, kosa hilo halimdhuru mtu. Lakini kisio hilohilo likitumiwa kumsaka tapeli au mtu aliyeingia katika akaunti ya mwenzake, linaweza kumpeleka mwenye hasira kwenye mlango wa asiyehusika. Somo la toleo hili linaeleza jinsi kisio hicho kinavyofanywa na mahali kinapokomea.

Nambari hiyo hutoka wapi?

Kifaa kinapowasiliana kwenye intaneti hutambulishwa kwa nambari iitwayo anwani ya IP. Kwa upande wa Afrika, nambari hizi hugawanywa na shirika la AFRINIC, lenye makao yake Mauritius, ambalo lilianza kazi rasmi mwaka 2005. AFRINIC huzigawa kwa mafungu kwa kampuni za simu, kampuni za intaneti, vyuo vikuu na taasisi nyingine. Rejista yake iko wazi kwa umma, nayo huonyesha fungu fulani limepewa nani na katika nchi gani. Haisemi ni nani anayeitumia nambari hiyo leo, wala yuko kijiji gani.

Ifikirie kama sanduku la posta. Mwalimu anayeishi Mikinduri anaweza kupokea barua kwa sanduku la shule lililo mjini Meru. Anayesoma bahasha atajua sanduku liko wapi, lakini hatajua nyumba ya mwalimu.

Kisio hufanywaje?

Njia ya kwanza ni kusoma rejista. Njia hii hutoa nchi kwa uhakika wa kutosha, lakini mji mara nyingi huwa ule wenye makao makuu ya kampuni.

Njia ya pili ni kupima muda. Mwanga ndani ya waya wa faiba husafiri takriban kilomita 200 kwa kila sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa kuwa ujumbe huenda na kurudi, kila sehemu moja ya elfu ya sekunde ya kusubiri jibu ni umbali usiozidi kilomita 100. Seva ya Nairobi ikipata jibu baada ya sehemu 3 za elfu, kifaa kilichojibu hakiwezi kuwa mbali zaidi ya kilomita 300. Ndani ya duara hilo kuna Embu, Meru, Nakuru na hata Kisumu. Muda huonyesha mpaka wa mbali kabisa, lakini hauonyeshi upande.

Njia ya tatu ni hifadhidata za kampuni zinazochanganya rejista, vipimo vya muda na taarifa nyingine, kisha kuuza majibu kwa tovuti. Haya ndiyo majibu unayoyaona kwenye skrini.

Kwa nini Meru huonekana kuwa Nairobi?

Kampuni za simu hazina nambari za kutosha kumpa kila mteja yake. Nambari za mfumo wa zamani, IPv4, ni takriban bilioni 4.3 tu duniani kote. Kwa hiyo wateja wengi hutumia nambari moja kwa wakati mmoja, na mawasiliano yao hutokea kwenye intaneti kupitia mitambo michache, mara nyingi iliyo Nairobi. Mtu wa Timau na mtu wa Siakago wanaweza kuonekana kama mtu mmoja aliye Nairobi.

GPS ni jambo tofauti. Simu yenyewe hupokea ishara za setilaiti na kujua ilipo kwa kukosea mita chache tu ikiwa mahali pa wazi. Tovuti hupata taarifa hiyo pale tu unapoiruhusu.

Nukta iliyosumbua familia

Hifadhidata ikijua nchi tu, huweka nukta katikati ya nchi. Kampuni ya Marekani iitwayo MaxMind ilifanya hivyo, na nukta yake ikaangukia shamba moja karibu na Potwin, Kansas. Zaidi ya anwani milioni 600 zilihusishwa na shamba hilo. Kwa miaka mingi, polisi na watu waliotapeliwa walifika hapo kutafuta wahalifu ambao hawakuwahi kuwapo. Habari hiyo ilipofichuliwa mwaka 2016, kampuni iliihamishia nukta hiyo kwenye maji ya ziwa. Mwaka 2019 iliripotiwa kuwa nyumba moja mjini Pretoria, Afrika Kusini, ilipatwa na masaibu kama hayo.

Kenya nayo ina nukta yake. Kitabu cha World Factbook cha CIA kiliweka nchi yetu kwenye latitudo 1 Kaskazini na longitudo 38 Mashariki, zaidi ya kilomita 100 kaskazini mwa mji wa Meru. Ramani ikikuonyesha mshukiwa huko, huenda maana yake ni moja tu: yuko mahali fulani nchini Kenya.

Ufanye nini ukidhulumiwa mtandaoni?

1. Usimfuate wala kumtaja mtu hadharani kwa sababu ya ramani ya IP.
2. Hifadhi ushahidi: picha ya skrini, kiungo cha ukurasa, tarehe, saa na dakika. Dakika ni muhimu kwa sababu nambari moja hutumiwa na wengi.
3. Piga ripoti katika kituo cha polisi na uchukue nambari ya OB. Chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandaoni ya 2018, mpelelezi anaweza kuomba amri ya mahakama ili kampuni itoe taarifa za mteja. Rekodi hizo, si ramani, ndizo zinazoweza kuonyesha laini iliyotumika.
4. Ukipata onyo kwamba akaunti yako imefunguliwa Nairobi ilhali uko Nkubu, tazama kwanza saa na aina ya kifaa. Kama si wewe, badilisha nywila mara moja.

Zoezi

Tafuta anwani yako ya IP ukitumia data ya simu, kisha utafute tena ukitumia Wi-Fi ya saiba au ya maktaba. Andika mji unaotajwa kila mara. Ukikuta miji miwili tofauti nawe hujatoka mjini kwako, umeona kwa macho yako kwa nini ramani hiyo haitoshi kumshtaki jirani.