Redio ya Mawasiliano Katika Gari: Kuichagua, Kuifunga na Kuitumia kwa Halali

Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa cha Unguja kilikaa bila ya umeme wa gridi, baada ya kuharibika njia ya umeme inayopita chini ya bahari kutoka Tanzania Bara. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanazikumbuka ndoo za maji, sauti za majenereta usiku, na simu zilizopelekwa kuchajiwa kwa malipo. Lililosahauliwa mapema ni kwamba mnara wa simu nao unakula umeme. Jenereta yake ikikosa mafuta, simu iliyojaa chaji haina wa kuongea naye.

Gari, kwa upande wake, hutembea na umeme wake. Betri yake na injini yake zinatosha kuendesha redio ya mawasiliano, ile ambayo wazee waliiita simu ya upepo, bila ya kuhitaji mnara wa kampuni yoyote. Faida hiyo inawahusu zaidi wanaopita njia za jiwe katika mashamba ya maweni nyuma ya Mtende, Charawe na Ukongoroni, ambako gari ikikwama wakati wa masika, au mgonjwa akizidiwa njiani, msaada hauko karibu na simu huenda isishike.

Makala haya yanahusu zaidi redio za ridhaa, yaani redio zinazotumiwa na watu binafsi wenye leseni kwa kujifunza, kuwasiliana na kufanya majaribio ya kiufundi, bila ya kutafuta faida ya fedha. Neno la kuanzia ni "masafa", na wenye gari zilizotoka Japani wameshakutana nalo. Redio ya gari hizo nyingi huishia 90 kwa sababu Japani ilitenga masafa ya 76 hadi 90 kwa matangazo ya FM, na kituo kilichoko 97 hakisikiki hata dereva azungushe vipi. Redio za mawasiliano nazo zimegawiwa sehemu zao. Katika kanda ambayo Afrika imo, redio za ridhaa zina sehemu ya megahezi 144 hadi 146, na nyingine ya 430 hadi 440. Sehemu za jirani ni za vyombo vya usalama, ndege, meli na kampuni.

Kwa hiyo leseni hutangulia ununuzi. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), yenye ofisi pia Zanzibar, ndiyo inayotoa leseni na kuidhinisha vifaa, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Mwenye leseni ya ridhaa hupewa alama ya wito inayoanza na 5H, na kwa desturi tarakimu 1 hufuata kwa vituo vya Zanzibar na 3 kwa vya Bara. Kabla ya 1964 alama ya Zanzibar ilikuwa VQ1, na wakusanyaji wa kadi za mawasiliano duniani bado wanazihifadhi kadi zenye alama hiyo.

Mwenye gari za watalii au za kukodisha azingatie jambo moja. Leseni ya ridhaa haimruhusu kuendesha biashara kwa redio. Kuwaelekeza madereva wake wapi pa kuchukua wageni ni shughuli ya kibiashara, na shughuli hiyo ina leseni yake na masafa yake, ambayo pia huombwa TCRA. Vivyo hivyo, redio ya baharini yenye chaneli 16, megahezi 156.8, ni ya vyombo vya majini. Nahodha aliye hatarini hutegemea chaneli hiyo iwe kimya, na mahali pake si ndani ya gari.

Redio ndogo za mkononi zinazouzwa kwa bei nafuu zina tatizo lao. Nyingi hufika zikiwa wazi, zikiweza kurusha sauti katika masafa ya mtu yeyote, yakiwemo ya vyombo vya usalama. Kwamba kifaa kinaweza si ruhusa ya kufanya.

Baada ya leseni huja swali ambalo kila mnunuzi huuliza dukani: inafika wapi? Muuzaji hujibu kwa wati. Jibu hilo lina ukweli mdogo, kwani mawimbi ya masafa haya husafiri karibu na mstari ulionyooka, na ardhi yenyewe hupinda. Kinachoamua umbali ni urefu wa antena kutoka ardhini. Mafundi hukadiria hivi: chukua urefu wa antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12, utapata kilomita hadi upeo wa macho wa redio. Antena iliyo juu ya paa la gari, mita 2 kutoka chini, huona kilomita 6 hivi. Gari mbili za namna hiyo zinazotafutana huonana kwa kilomita 12 hivi mahali pa wazi, na pungufu ya hapo penye minazi na miembe. Lakini gari hiyo hiyo ikizungumza na kituo chenye antena ya mita 30, masafa yanafika kilomita 28.

Hesabu hiyo ilinganishwe na kisiwa. Kutoka mjini hadi Jozani ni kilomita 26 hivi kwa mstari ulionyooka. Hadi Makunduchi au Nungwi ni takriban 50. Unguja ni tambarare kwa sehemu kubwa, na mgongo wa Masingini, unaokaribia mita 120, ndio uliosimama juu ya kila kitu. Antena iliyopandishwa kwenye mwinuko wa aina hiyo hukaribia kuona kisiwa kizima. Wati 50 zilizofungwa kwenye antena mbovu chini ya bonde haziwezi.

Hata hivyo redio ya kufungwa, yenye wati 25 hadi 50, inafaa zaidi katika gari kuliko ya mkononi yenye wati 5. Sababu kubwa ni antena ya nje. Bodi ya gari ni sanduku la chuma, na anayezungumza kwa redio ya mkononi akiwa ndani yake amejifungia mwenyewe.

Antena ya kawaida kwa megahezi 145 ni fimbo ya robo wimbi, yenye urefu wa sentimita 49 hivi. Mahali pake bora ni katikati ya paa la chuma, kwa kuwa chuma kile ni nusu ya pili ya antena. Ikiwekwa pembeni, husikika zaidi upande mmoja. Kitako cha sumaku hakishiki katika bodi ya alumini, kama ya Land Rover za zamani, na hakina maana juu ya daladala yenye paa la mbao. Huko hutakiwa bamba la chuma chini ya antena, au antena ya aina isiyohitaji bamba.

Kebo ya antena iwe ya omu 50. Wengi huchukua kebo ya televisheni, ambayo ni ya omu 75, kwa kuwa iko karibu na inafanana. Matokeo yake ni nguvu inayorudi kwenye redio badala ya kutoka. Kipo kipimo kidogo cha kusoma nguvu inayorudi, na fundi asiyenacho hajamaliza kazi. Kikisoma chini ya 1.5 kazi ni nzuri. Kikipita 3, redio isibonyezwe tena mpaka kosa lionekane.

Upande wa umeme ndio wenye hatari ya moto, na ndipo haraka ya fundi inapogharimu. Redio ya wati 50 huvuta takriban ampea 10 inaposema. Tundu la kuwashia sigara halikutengenezwa kwa mzigo wa muda mrefu wa namna hiyo. Waya mbili, nyekundu na nyeusi, zitoke moja kwa moja kwenye betri, na kila moja iwe na fyuzi yake karibu kabisa na betri. Fyuzi iliyo karibu na redio huilinda redio tu. Waya ukichubuka kwenye ukuta wa injini, moto utaanza nyuma yake. Kila waya unapopita katika chuma upite ndani ya mpira.

Unene nao una hesabu yake. Kwa umbali wa mita 5, kwenda na kurudi mita 10, waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 hupoteza volti 1.15 kwa ampea 10. Wa milimita mraba 4 hupoteza 0.43 tu. Redio iliyozoea volti 13.8 ikipata kidogo sana hukatakata maneno, na mwenyewe hudhani imeharibika. Kifaa kisifungwe mbele ya mfuko wa hewa wa usalama, wala mahali ambapo gari ikiruka kwenye jiwe kitamwangukia abiria.

Kisha kuna chumvi. Hewa ya pwani hula viungo vya shaba ndani ya msimu mmoja. Kila kiungo cha nje kifungwe kwa utepe wa mpira unaojigandisha, kipakwe grisi, na kifunguliwe kukaguliwa kabla ya masika na kabla ya vuli.

Mkaazi wa Mji Mkongwe anayetaka kituo cha nyumbani cha kupokea gari yake ana kikwazo cha ziada. Kuta nene za mawe na chokaa huzuia mawimbi, na vichochoro huyapoteza, kwa hiyo antena haina budi kuwa juu ya paa. Lakini mji huo umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kubadilisha sura ya jengo kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Kibali kiombwe kabla ya mlingoti kununuliwa.

Pemba haifikiki kwa njia hii kutoka garini. Kwa huko hutumika masafa ya chini, megahezi 7, ambayo hupanda juu angani na kurejeshwa ardhini. Gari husimamishwa, na waya wa mita 20 hufungwa baina ya minazi miwili, mita 4 au 5 juu. Ni kazi ya dakika chache kwa aliyewahi kuifanya.

Thamani ya kuwahi kuifanya ilionekana katika Bahari hii hii ya Hindi. Mapema Disemba 2004 mwanamke wa Kihindi, Bharathi Prasad, aliongoza kundi la wanaredio wa ridhaa kwenda visiwa vya Andaman kwa shughuli yao ya kawaida ya kuwasiliana na dunia. Tarehe 26 mwezi huo ikaja tsunami, simu zikakatika, na vituo vyao vikawa njia ya kupeleka habari za waliopona. Hawakuwa wamekwenda kuokoa. Vifaa vilikuwa vimefungwa na mikono ilikuwa imezoea.

Kwa hiyo baada ya kufunga, redio ijaribiwe katika njia zile zile zitakazopitwa, na sehemu zisizoshika ziandikwe. Kabla ya kubonyeza, dereva asikilize kwanza. Ataje alama ya anayemwita, kisha yake, aseme kwa ufupi, aachie kitufe. Wakati wa shida ataje kwanza mahali alipo, shehia na alama ya karibu, kisha idadi ya watu na hali yao. Mawasiliano yakikatika baada ya sentensi ya kwanza, anayesikiliza atajua pa kuelekea. Na simu ikishika, namba 112 ya Polisi na 114 ya Zimamoto zipigwe pia.