Gesi ya kaboni: Ni nani aliyeichafua hewa zaidi?

MVUTAJI sigara anapokuja kliniki, daktari humwuliza mambo mawili: unavuta ngapi kwa siku, na umevuta kwa miaka mingapi? Jibu la kwanza pekee halitoshi, kwani madhara ya sigara hujilimbikiza mwilini mwaka baada ya mwaka. Leo tuyatumie maswali hayo kuzipima nchi za ulimwengu.

Viwanda, magari na mitambo ya umeme inayochoma makaa ya mawe, mafuta na gesi hutoa gesi ya kaboni. Usiichanganye na ile ya jiko la makaa inayoua watu waliolala madirisha yakiwa yamefungwa. Hiyo ni kaboni monoksaidi. Gesi tunayoizungumzia haikufanyi ukohoe. Hupanda angani, nyingi yake hukaa huko mamia ya miaka, na huzuia joto la dunia lisitoke.

Kwa mwaka ni kiasi gani?

China ndiyo inayoongoza. Iliipita Marekani mnamo 2006, na sasa hutoa karibu asilimia 30 ya gesi yote ya kila mwaka. Marekani hutoa asilimia 13 hivi, India 8, na Muungano wa Ulaya 7. Bara zima la Afrika hutoa asilimia 4 hivi.

Tangu lini?

Hapa sura inabadilika. Mwaka 1900, Ulaya na Marekani zilitoa zaidi ya asilimia 90 ya gesi hiyo. Hata mwaka 1950 zilikuwa bado zinatoa zaidi ya asilimia 85. Ukijumlisha yote tangu viwanda vilipoanza, Marekani peke yake imetoa karibu robo. Nchi za Muungano wa Ulaya pamoja na Uingereza zimetoa zaidi ya asilimia 20, China karibu 15, na Afrika 3 hivi.

Uingereza ilifunga mtambo wake wa mwisho wa umeme wa makaa ya mawe mwaka 2024. Ni jambo jema, kama mgonjwa aliyeacha sigara. Lakini gesi iliyotoka zamani ingali angani.

Imegawanywa kwa watu wangapi?

Kwa wastani, Mmarekani hutoa tani 14 hivi kwa mwaka, Mchina 8, na Mhindi 2. Mkenya hatoi hata nusu tani.

Anayeumia ni nani?

Mnamo Desemba 1952, moshi wa makaa ya mawe uliufunika mji wa London kwa siku tano, na wakati huo ilikadiriwa kwamba watu 4,000 walikufa. Moshi huo uliwadhuru wale wale waliouwasha. Gesi ya kaboni si hivyo: huenea duniani kote, na joto lake humfikia hata asiyewasha chochote. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua mifugo Turkana na Marsabit na kuwaacha watoto wengi na utapiamlo. Wanasayansi waliouchunguza walisema kuongezeka kwa joto duniani kuliuzidisha sana. Sisi ni kama mtu anayeketi karibu na mvutaji: sigara si yake, kifua ni chake.

Kwa hivyo, ukisikia nchi ikisema imepunguza gesi yake mwaka huu, uliza pia imetoa kiasi gani tangu mwanzo.

Nawe msomaji, siku za joto kali wape wazee na watoto maji mara kwa mara, na usimwache mtoto ndani ya gari lililofungwa. Mtu akiwa na mwili wa moto sana na kuanza kuchanganyikiwa, mpeleke kivulini, mmwagie maji na kumpepea, kisha mkimbize hospitalini. Hilo si la kungojea mkutano wa mataifa.