Vidole Hujiandaa Kabla ya Kalamu: Kazi za Mikono kwa Watoto Wadogo

Kila Januari darasa la kwanza hupokea watoto ambao penseli inawaponyoka. Wengine huikamata kwa ngumi kama mpini wa jembe, na kabla ya mstari wa tatu mkono umechoka. Mtoto huyo huitwa mvivu au mzito wa akili. Mara nyingi akili haina shida; ni misuli midogo ya vidole ambayo haijapata kazi. Tunawaandikia wazazi, mabibi wanaolea wajukuu vihambani, na mafrateri wanaokaa na watoto wa Utoto Mtakatifu wakati wa kichungaji.

Wengi wakisikia Montessori hufikiria shule ya ada kubwa mjini. Lakini Maria Montessori, daktari wa Italia, alifungua Nyumba ya Watoto ya kwanza Roma, mtaa wa San Lorenzo, tarehe 6 Januari 1907, kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi maskini. Aliona kwamba mkono huandaliwa kuandika muda mrefu kabla ya kupewa kalamu. Hapa nchini masista wameieneza sana njia hiyo, na Lushoto kuna chuo cha walimu wake.

Vifaa tunavyo kihambani. Tuanze na kuchambua. Changanya maharage na mahindi kwenye sinia, weka bakuli mbili pembeni. Mtoto achukue punje moja moja kwa kidole gumba, cha shahada na cha kati, vidole vilevile vitakavyoshika penseli. Msimu wa kahawa, mpe kahawa iliyokauka atenge nzima na zilizovunjika. Hapo anamsaidia bibi kweli, na watoto hutambua upesi kazi ya kweli na kazi ya kupumbazwa. Wapo wazee wanaosema kuchambua si kazi ya mvulana. Mvulana naye ataandika. Ila aliye chini ya miaka 3 asipewe punje, na mkubwa wake asiachwe peke yake nazo: harage likiingia puani huvimba kwa unyevu.

Kumimina hufuata. Vikombe viwili vidogo na ulezi, kutoka kimoja hadi kingine. Akizoea, weka maji. Ulezi ukimwagika, sinia lenyewe limeshamwonyesha kosa, hakuna haja ya kumkemea. Aokote, aendelee.

Magome makavu ya mgomba tunayatupia ng'ombe chini bila kuyafikiria. Yaloweshe kidogo yalainike, chana vipande vitatu virefu, vifunge ncha moja kwenye mguu wa kigoda, umfundishe kusuka. Kazi hii inataka mikono yote miwili, kila mmoja na jukumu lake, na inafaa zaidi kwa mtoto wa miaka 5 au 6.

Shati kuukuu lenye vifungo vikubwa, likitandazwa juu ya ubao, linatosha kwa zoezi la kufunga na kufungua. Baadaye lete lenye vifungo vidogo. Julai, baridi ya mlimani inaposhuka, atafunga sweta lake mwenyewe.

Namna ya kuonyesha ina uzito kuliko kifaa. Kaa upande wake, fanya polepole, maneno machache, kisha ondoa mkono wako. Hapo ndipo watu wazima wengi tunashindwa: mtoto akihangaika na kifungo dakika mbili, tunakimbilia kumfungia. Mwache. Akimaliza, arudishe vitu mahali pake.

Mwishoni ndipo zije herufi. Omba kwa fundi seremala mabaki ya msasa laini, kata herufi, zibandike kwenye kadibodi. Mtoto azifuate kwa ncha za vidole viwili, kwa mwelekeo uleule wa kuandika, huku ukitamka sauti yake: si “be”, bali “b”. Anza na a, m, na t. Kwa hizo tatu ataweza kuunganisha “mama” na “tata”. Msasa ukikosekana, tandaza mchanga mkavu kwenye sinia, aandike humo kwa kidole, alitikise, aanze tena.