Maneno Kumi na Sita: Fumbo la Kupanga Maneno na Semantiki ya Kiswahili

Mwanafunzi wa semantiki akitakiwa katika mtihani kutofautisha polisemia na homonimia, aghalabu hujibu bila kusita. Hutoa fasili, hutaja neno kaa au paa, kisha huendelea na swali linalofuata. Mifano yenyewe ni ile ile iliyomo katika daftari za waliomtangulia. Lakini mpe maneno matupu, yasiyo na sentensi, umwambie ayapange kwa maana zake, nawe utaona maarifa hayo yakimponyoka. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba mchezo mmoja wa maneno unaochezwa kila siku kwa Kiingereza unaweza kuyapima maarifa hayo, na kwamba ukihamishiwa katika Kiswahili hupata ugumu wa aina nyingine.

Mchezo tunaoukusudia ni Connections, ulioanza kutolewa na gazeti la The New York Times la Marekani mwezi wa Juni 2023. Kila siku mchezaji hupewa maneno 16 yaliyopangwa katika safu nne. Kazi yake ni kuyagawa katika makundi manne ya maneno manne manne, kila kundi likiwa na uhusiano wake. Akikosea mara nne, mchezo umekwisha. Kundi la manjano ndilo rahisi, hufuatwa na la kijani na la buluu, na la zambarau ndilo gumu kuliko yote. Wazo lenyewe si geni kabisa, kwa maana kipindi cha Only Connect cha BBC, kilichoanza mwaka 2008, kina ukuta wa maneno wa namna hiyo hiyo. Ugumu haumo katika kukosa uhusiano, bali katika kuuona mwingi mno. Mtungaji hupenyeza maneno yanayoelekea kustahili makundi mawili, ilhali jibu la ubao mzima ni moja tu.

Tulijaribu kutunga ubao wa Kiswahili. Tunamsihi msomaji aukabili kabla ya kuendelea:

paa, kikoi, mbuzi, sheria
chungu, ruka, anga, buibui
mwiko, habari, kanga, kwea
panda, kinu, shuka, maji

Wenzangu watatu niliowapa ubao huu walianza mahali pamoja: wanyama. Na kweli, viumbe wamo: paa, mbuzi, kanga, buibui, hata chungu, yule mdudu wa jamii ya sisimizi. Lakini wako watano, si wanne, na hilo pekee lingetosha kumtia mchezaji shaka. Katika ubao huu hakuna kundi la wanyama. Wote watano wana makazi kwingine.

Njia iliyo salama ni kuanza na neno lenye maana chache, si lile lenye maana nyingi. Kikoi ni nguo, basi. Kikiwa nguo, kinahitaji wenzake watatu, nao hawapatikani ila tukikubali kwamba kanga na buibui si viumbe hapa, na kwamba shuka si kitenzi. Hapo ndipo panapofumbuka kundi la pili: kwea, panda, ruka na paa, vitenzi vya kwenda juu. Shuka lilijipenyeza humo kwa kuwa nalo ni la mwendo, ila mwendo wake ni wa kuteremka. Kinu na mwiko huwaita chungu na mbuzi ya kukunia nazi jikoni. Yaliyobaki ni sheria, anga, habari na maji. Hayana hiponimia yoyote inayoyaunganisha. Kinachoyaunganisha ni uundaji wa maneno, kwani kila moja hukubali kutanguliwa na mwana: mwanasheria, mwanaanga, mwanahabari, mwanamaji. Hilo ndilo zambarau letu.

Sasa tuangalie kilichowapotosha wale watatu, wote wakiwa wazawa wa lugha hii na wanafunzi wake. Katika mazungumzo hakuna hata mmoja wao ambaye angechanganya mbuzi na mbuzi. Mbuzi amevunjika mguu. Mbuzi imevunjika mguu. Kiambishi kimoja cha upatanisho kimemaliza utata kabla haujaanza. Vivyo hivyo chungu kimepasuka, lakini chungu ameniuma. Buibui amejificha darini, lakini buibui limechanika. Paa amekimbilia kichakani, ilhali paa limevuja usiku kucha. Kiswahili hakilitwishi neno mzigo wote wa maana yake. Sehemu ya mzigo huo hubebwa na ngeli, nayo ngeli hudhihirika katika maneno jirani. Ubao wa fumbo humnyang'anya neno jirani zake, nasi tunabaki na umbo tupu. Matamshi nayo yamenyamazishwa: neno barabara la njia na barabara la sawasawa hutofautiana kwa mkazo, lakini katika maandishi ni mapacha.

Kwa hiyo zoezi hili lina faida darasani ambayo fasili haina. Mwanafunzi akishakosea, mwambie atunge sentensi mbili kwa kila neno lililomkosesha. Upatanisho ukibadilika, amepata ithibati ya kisarufi ya kile alichokuwa akikikariri. Usipobadilika, kama ilivyo kwa kupanda mti na kupanda mbegu, itambidi atafute ithibati nyingine, na hapo mjadala wa polisemia na homonimia huanza kwa dhati.

Mtungaji naye ana taabu zake. Viambishi vya ngeli hutoboa siri: ukiweka vikombe, visu, vijiko na viatu, macho yatayakusanya kwa vi- kabla akili haijauliza maana. Ndiyo sababu nomino nyingi za ubao wetu hazionyeshi ngeli waziwazi. Pia kuna suala la mahali. Mmoja wa wale watatu, aliyekulia mbali na minazi, aliijua mbuzi ya nazi kwa kamusi tu. Alilalamika, na lalamiko lake lina haki. Hata hivyo, sikuliondoa neno hilo, maana fumbo lisilodai kitu chochote cha utamaduni wa lugha litakuwa hesabu tu. Ila neno la namna hiyo moja kwa ubao latosha. Mwingine alipendekeza leso badala ya kanga, kama wasemavyo Mombasa. Pendekezo zuri kwa sikio, lakini leso halina ndege ndani yake, na mtego ungepotea.

Ubao wa pili tunaoutunga una tembo, ua, meza na nyanya. Tai bado hajapata kundi, au niseme haijapata.