Muuguzi, Tabibu: Soma Hapa Kabla ya Kulipa Ada ya Maombi ya Shahada ya Biashara

Kuongoza kituo cha afya siku hizi si kutibu wagonjwa tu. Tangu huduma za afya zihamie kwa kaunti mwaka 2013, na hasa baada ya SHA kuchukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, anayesimamia kituo ana bajeti, madai ya malipo, stoo ya dawa na zamu za wafanyakazi mezani pake. Kama umeanza kufikiria kusomea biashara, tunakuelewa.

Na kama kazi yako iko Mai Mahiu, huna haja ya kupoteza siku yako ya mapumziko kwenye matatu ya Nairobi ili ulipe ada ya maombi. Simu inatosha. Lakini ada hiyo kwa kawaida hairudishwi, kwa hivyo fuata hatua hizi.

1. Hakikisha kozi inakufaa

Strathmore Business School, Nairobi, ina MBA ya usimamizi wa huduma za afya. Hiyo ni shahada ya uzamili, kwa hivyo lazima uwe na shahada ya kwanza. Kama una diploma ya KMTC, usilipe bado. Angalia kwanza kozi kama ile ya shahada ya kwanza ya usimamizi wa mifumo ya afya pale KeMU. Kozi yoyote utakayochagua, itafute kwenye orodha ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Haipo? Achana nayo.

2. Stakabadhi kwanza, pesa baadaye

Weka tayari vyeti, matokeo ya chuo, kitambulisho na leseni ya kazi. Barua ya msimamizi wako iombe mapema. Akienda likizo wiki ya mwisho, utakuwa umelipa na fomu haijakamilika.

3. Lipa kwa nambari sahihi

• Toa nambari ya Paybill kwenye tovuti ya chuo chenyewe, si kwa ajenti wa WhatsApp.
• Kwenye nambari ya akaunti, andika ile uliyopewa na chuo. Ukiandika "ada" tu, pesa itafika lakini hawatajua ni ya nani.
• Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea. Ukiona jina la mtu binafsi, simama hapo hapo.
• Usifute ujumbe wa malipo. Nambari ya muamala ndiyo risiti yako.

4. Kulipa si kutuma maombi

Hapa ndipo ni rahisi kuteleza. Ujumbe wetu unathibitisha kwamba pesa imefika, haithibitishi kwamba fomu imefika. Rudi kwenye fomu, jaza nambari ya muamala ukiulizwa, kisha itume. Subiri jibu la chuo kabla ya siku ya mwisho, si baada yake.

5. Anza kupanga karo leo

Ada ya maombi ni mwanzo tu. Weka akiba kidogo kidogo kila mshahara ukiingia, na uulize HELB kuhusu mikopo ya uzamili. Karo ya miaka miwili haibebwi na mkopo wa simu wa siku 30.

Umekosea nambari? Piga simu kwa huduma kwa wateja mara moja, na usimpe mtu yeyote PIN yako, hata akisema anatoka kwetu. Kila la heri na maombi yako!