Siri ya Kiinimacho: Ifichwe au Ifichuliwe?

Mfanya kiinimacho akionyesha shilingi katika kiganja chake, akafumba na kufumbua, na shilingi isionekane tena, kila mtazamaji hujiuliza imekwenda wapi. Kujiuliza hivyo si kosa, na mchezo wenyewe hauna utamu kama hakuna anayejaribu kuufumbua. Lakini mara nyingi hutokea kijana mmoja wa mstari wa mbele akapaza sauti, "Iko mkono wa kushoto!" Huenda amesema kweli, huenda amekosea, kwa vyovyote amewaharibia wenzake furaha waliyoilipia kiingilio, na kumvunjia kazi mtu aliyejizoeza miezi mingi kwa ajili ya jambo la dakika moja.

Basi kubahatisha ni jambo moja, na kutangaza ni jambo jingine. Mwenye kubahatisha hutumia akili yake mwenyewe. Mwenye kutangaza hutumia mali ya mwenziwe, kwa maana siri ndiyo jembe la mfanya kiinimacho. Hata hivyo adabu hii ina mpaka wake, na mpaka huo waonekana wazi katika maisha ya Harry Houdini.

Houdini alizaliwa Hungaria mwaka wa 1874, akakulia Marekani, na alipata sifa kwa kujifungua pingu na minyororo. Siri zake alizilinda sana, lakini hakudai kuwa anasaidiwa na pepo. Rafiki yake Arthur Conan Doyle, mwandishi mashuhuri wa Uingereza, alikisia kuwa ana nguvu zisizo za kibinadamu. Houdini alikana, wala Doyle hakusadiki. Maana hata msomi aweza kubahatisha vibaya.

Houdini huyo huyo aliwaandama bila huruma watu waliodai kuzungumza na wafu. Baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 jamaa nyingi zilikuwa na msiba, na wengi walikuwa tayari kutoa fedha ili wasikie neno moja tu kutoka kwa mwana aliyeuawa vitani. Gazeti la Scientific American liliahidi dola 2,500 kwa atakayeonyesha uwezo wa namna hiyo mbele ya wachunguzi. Mwaka wa 1924 alijaribiwa mwanamke wa Boston aliyejulikana kwa jina la Margery. Taa zilizimwa, kisanduku chenye kengele kikawekwa sakafuni, na ikasemwa kwamba roho ya ndugu yake marehemu ndiyo itakayoipiga. Houdini alikuwa ameufunga mguu wake kitambaa cha mpira mchana kutwa, hata ngozi ikawa laini na nyepesi kuhisi. Alieleza baadaye kwamba gizani alihisi mguu wa mwanamke huyo ukijisogeza polepole kando ya wake, kisha kengele ikalia. Akapiga chapa kijitabu akaeleza yote. Zawadi haikutolewa.

Je, Houdini aliwasaliti wenzake wa kazi? La. Mtazamaji wa kiinimacho hulipa ili adanganywe, naye ajua kuwa anadanganywa. Mfiwa hakuridhia jambo hilo. Zamani zaidi, mwaka wa 1584, Mwingereza Reginald Scot alikuwa ametoa kitabu kilichofichua michezo ya sarafu, karata na visu, ili watu waache kuwashtaki vikongwe maskini kwa uchawi. Yeye pia hakuwa msaliti.

Mfano wa karibu ni pata potea, mchezo wa karata tatu uchezwao kando ya barabara za miji ya Kenya. Mchezeshaji hushika karata mbili kwa mkono mmoja, moja juu na nyingine chini. Watu hudhani ameitupa ya chini, kumbe ametupa ya juu, na jicho huifuata karata isiyo yenyewe. Wale wanaoshinda mwanzoni ni wenziwe. Siri hii na aambiwe kila mtu, hasa aliyetoka kupokea mshahara.

Jambo gumu zaidi ni la David Devant. Chama cha wafanya kiinimacho kiitwacho The Magic Circle kilianzishwa London mwaka wa 1905, na Devant akawa rais wake wa kwanza. Kanuni yake kubwa ilikuwa kutokutoa siri. Katika miaka ya 1930 Devant, akiwa mgonjwa asiyeweza tena kusimama jukwaani, alichapisha siri za michezo yake. Alizozitoa zilikuwa zake mwenyewe, wala hakumwibia mtu. Lakini mchezo mmoja ukijulikana, michezo mingi iliyo jamaa yake hujulikana pia, na wengine walikuwa wakiila riziki hiyo. Chama kilimtoa rais wake huyo wa kwanza. Baadaye kikamrudisha kwa heshima, na kanuni ikabaki kama ilivyokuwa.